Mifuko Sita Juu ya Paa

Sefu ilikuwa na uzito wa kilo mia tatu na kumi. Hayo si makisio. Yaliandikwa kwenye karatasi ya kiwanda, ambayo Mkuu wa Shule aliitoa kwenye droo na kumwekea Inspekta mezani kwa fahari, kana kwamba hata baada ya kuibiwa bado ni sifa kumiliki sefu nzito. Ndani yake mlikuwa na bahasha za mtihani wa mwisho, zimepigwa lakiri, na mtihani wenyewe ulikuwa unaanza kesho asubuhi. Jumapili mchana sefu ilikuwepo kwenye chumba cha juu ya paa, kile kilichojengwa kwa ajili ya matangi ya maji. Jumatatu saa moja asubuhi haikuwepo. Njia ya kushukia ilikuwa ngazi za ghorofa tatu, na mwisho wa ngazi, penye geti, alikaa mlinzi mmoja, ambaye shule nzima ilimwita Winchi.

Mkuu alikuwa ameshaimaliza kesi kabla polisi hawajavua kofia. Winchi ana nguvu, alisema, na Winchi ana binti anayefanya mtihani huohuo, sasa mnatafuta nini tena? Mwaka juzi, mbele ya wazazi, Winchi alilinyanyua jenereta peke yake akaliweka kwenye lori, na watu wakampigia makofi. Leo makofi yaleyale yamegeuka ushahidi. Watu ni viumbe wa ajabu kweli.

Inspekta hakubisha. Alikuwa mama wa makamo, mkimya, mwenye tabia ya kusoma karatasi za watu zikiwa zimegeuzwa kichwa chini. Ndivyo alivyoisoma barua iliyokuwa mbele ya Mkuu. Ilikuwa inaomba jina la binti wa mlinzi lifutwe kwenye orodha ya watahiniwa.

“Tarishi wa ofisi ya mitihani anakuja saa nane kuchukua orodha,” Mkuu akaeleza. “Mzazi akishukiwa, mtoto hafanyi. Ndiyo kanuni, Afande. Sikuitunga mimi.”

Saa ya ukutani ilisema saa nne na robo. Nje ya mlango, binti mwenyewe alikaa kwenye benchi, amevaa miwani mipya iliyomkaa vibaya puani, kitabu kipo mapajani na hajakifungua. Inspekta alimpita akielekea kwenye ngazi. Alishaonana na baba yake kituoni asubuhi ileile, na yule mtu mkubwa, aliyekijaza chumba cha mahabusu peke yake, alikuwa amesema maneno machache tu. “Afande, mimi nabeba vitu vya watu nikiombwa,” alisema. “Sijawahi kubeba kitu bila kuombwa.” Halafu akauliza kama binti amekula.

Juu ya paa, Sajenti alikuwa ameshaufungua mdomo kabla Inspekta hajamaliza ngazi. Sajenti alibakiza miezi mitatu kustaafu na aliitumia kulalamika. Akaonyesha mlango wa chumba cha tangi. Kufuli lilikuwa zima, halijaguswa, lakini skrubu za komeo zilikuwa zimefunguliwa na kurudishwa, na mrudishaji aliikwaruza rangi. Hapakuhitajika ufunguo, bisibisi ilitosha. Sakafuni, kuanzia kizingiti cha mlango, kulikuwa na michirizi miwili sambamba, ya kitu kizito kilichosukumwa juu ya vipande vya bomba. Michirizi hiyo haikuelekea kwenye ngazi. Ilikwenda moja kwa moja hadi ukingo wa nyuma, pale palipoachwa wazi bila ukuta, na kuishia hapo.

“Kwa hiyo haikupita kwa Winchi kabisa,” Sajenti akasema.

Inspekta alikwisha kulisikia hilo kwa simu ya Sajenti na kumweleza Mkuu, naye Mkuu alikuwa na jibu tayari: basi Winchi alipanda akaishusha kwa kamba, na nani mwingine hapa ana mikono ya kuishika kamba hiyo? Si jibu la kipumbavu. Ndiyo maana lilimkera.

Alichungulia chini. Mita kumi na mbili, Sajenti alishapima. Chini palikuwa na uchochoro, nje ya ua wa shule, udongo bado laini kwa mvua ya Jumamosi jioni. Sefu ingeachiwa ianguke tu, ingejichimbia kaburi pale. Waliangusha tofali moja kujaribu, nalo likazama mpaka nusu yake. Udongo mwingine wote ulikuwa tambarare. Kulikuwa na nyayo za wapita njia na alama za magurudumu tu, ya pikapu iliyoingia kinyumenyume mpaka ukutani, ikasimama, kisha ikatoka.

Hapo Sajenti akatoa hoja yake ya siku. Alikuwa ameshuka na rula. Alama za kuingia zilikuwa na kina cha sentimita nne, na za kutoka zilikuwa na kina hichohicho. Kama pikapu ingeondoka na sefu, Afande, ingetoka inazama zaidi ya ilivyoingia. Hii haikuchukua kitu. Alilifunga daftari lake kwa kuridhika, na Inspekta, kusema haki, hakuona pa kumpinga.

Upande wa pili wa paa kazi ilikuwa inaendelea. Fundi wa paa alikuwa na mkataba wa kuziba uvujaji, na aliomba asisimamishwe kwa sababu mawingu yanarudi. Inspekta alimruhusu makusudi. Alipenda kuwaona watu wakiwa kazini. Mtu akikaa kwenye kiti cha mahojiano anakuwa mwingine. Fundi alikuwa mzee kidogo, mchangamfu, amefunga mkanda mpana kiunoni, na jambo la kwanza alilomwambia mgeni yeyote lilikuwa mgongo wake. Daktari alimkataza hata ndoo. Mlinzi, maskini, ndiye aliyekuwa ananisaidia vitu vizito, na leo wameniondolea mkono wangu wa kulia, alisema, na machozi yakamlengalenga.

Lakini alipofika kwenye kazi yake, uso ukabadilika. Ukingoni alikuwa amesimamisha boriti, na kwenye boriti kapi lenye gurudumu la chuma na kamba nene. Kibarua mmoja juu alifunga ndoo ya kifusi upande mmoja wa kamba. Mwenzake chini alifunga ndoo ya zege upande wa pili. Fundi akakisukuma kifusi kwa kidole, kweli kidole kimoja, kikashuka taratibu, na zege likapanda lenyewe mpaka miguuni pake.

“Umeona, Afande? Mimi hapa siinui kitu. Miaka thelathini sijawahi kuacha kamba ishuke bure. Kinachoshuka ndicho kinachoinua.”

Inspekta akamsifu, na hakuwa anajipendekeza. Akamuuliza Jumapili alikuwa wapi, naye hakuficha: alikuja saa tisa kuangalia mvua ilivuja wapi, akaondoka saa kumi na moja, na Winchi mwenyewe alimwandika getini. Hakusikia wala kuona kitu. Kando ya utepe wa polisi palikuwa na mifuko sita ya saruji, imepangwa vizuri miwili miwili. Inspekta akauliza, kwa kuuliza tu, nani aliipandisha. Winchi, akasema Fundi bila kusita. Jumamosi asubuhi, kwa ngazi, mmoja mmoja, wala hakutoa jasho.

Saa tano na nusu. Inspekta alishuka mpaka maabara ya fizikia, ghorofa ya tatu, akiwa na swali moja na aibu kidogo, kwa sababu somo hili shuleni lilimshinda vibaya. Mwalimu wa fizikia alikuwa mwanamke mwembamba mwenye chaki mpaka kwenye nyusi. Hakumkaribisha kiti. Inspekta akauliza: mtu mwenye nguvu kama Winchi, akiwa na kamba na kapi zuri, anaweza kuishusha sefu ile polepole kwa mikono?

Mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. “Winchi ana kilo mia na kumi. Sefu ina mia tatu na kumi. Mfunge Winchi upande mmoja na sefu upande mwingine, Afande, uone nani atapaa.”

“Je, akiizungusha kamba kwenye nguzo?”

Hilo linawezekana, alikiri. Kamba ikisugua nguzo inashika. Lakini akageukia ubao, akaanza kuandika, na sauti yake ikawa ile ya darasani, ambayo haimwonei mtu huruma. Kitu kikiwa juu, alisema, ujue kuna mtu aliyekipandisha. Kazi yake haikupotea. Imekaa ndani ya kile kimo, inasubiri. Sefu ilipandishwa mita kumi na mbili na vibarua wanane, miaka sita iliyopita, nilikuwepo, mmoja alizimia. Mia tatu na kumi, mara kumi, mara kumi na mbili. Akaipigia mstari namba ya chini.

“Jouli elfu thelathini na saba na mia mbili. Hiyo ndiyo nishati iliyokuwa juu ya paa Jumapili mchana. Leo sefu iko chini, haipo tena juu. Sasa niambie wewe, polisi, imekwenda wapi? Maana kupotea haipotei. Inahama tu.”

Inspekta alilipenda swali hilo. Lilikuwa swali lake la kila siku, ila leo aliyepotea hakuwa mtu. Alianza kuorodhesha. Ingeingia kwenye udongo, lakini udongo ni tambarare. Ingeingia kwenye nguzo na kamba, Mwalimu akadakia, na hapo ungekuta joto: boriti imeungua, kamba imeota nywele na kunuka moshi. Inspekta alikuwa ameipitisha kamba ile viganjani. Ilikuwa laini, na boriti haikuwa na hata alama ya moto. Mikono ya mtu haiwezi. Winchi angepaa.

“Basi imebaki njia moja,” Mwalimu akasema, akipangusa chaki. “Kama kilichoshuka hakikuacha alama chini, angalia juu. Kuna kilichopanda.”

Inspekta alisimama kama aliyesahau njia. Akachukua chaki bila kuomba, akaandika sita, akaandika hamsini, kilo za mfuko mmoja wa saruji, akaandika mara kumi, mara kumi na mbili. Akakosea, akafuta, akaandika tena. Elfu thelathini na sita. Akaitoa kwenye ile namba ya juu.

“Imebaki elfu moja na mia mbili,” alisema. “Hiyo ni nyingi?”

“Hiyo? Ni ya kulipa msuguano wa kapi na kuipa sefu mwendo wa pole. Hata mtu mwenye mgongo mbovu anaweza kuizuia kamba kwa mkono mmoja.” Mwalimu akaacha kupangusa mikono. Alikuwa ameyaona maneno yake mwenyewe. “Mungu wangu. Fundi hunywa chai na Winchi kila siku.”

Saa sita na dakika ishirini. Inspekta alipanda ngazi mbili mbili, umri wake ukamkumbusha kwenye kona ya mwisho. Hakumwendea Fundi. Namba nzuri ubaoni haimtoi mtu mahabusu. Alihitaji kitu cha kushika. Alimwita Sajenti, wakashika mfuko mmoja wa saruji kila mmoja upande wake, wakauinua. Chini yake palikuwa na tope jembamba lililokauka, lile linaloachwa na maji ya mvua yakituama juu ya paa, limepasukapasuka vizuri kabisa. Mvua ilinyesha Jumamosi jioni. Karatasi ya mfuko haikuwa na doa hata moja. Sajenti akaubonyeza kwa kidole gumba.

“Laini,” akasema. “Saruji ikinyeshewa inakuwa jiwe. Hii haijaonja tone.” Alifikiri kidogo, mzee wa watu, kisha akajigonga paji la uso kwa daftari. “Zile alama za pikapu, Afande.”

“Zilikuwa sawa kwa sababu iliingia na mia tatu, ikatoka na mia tatu na kumi,” Inspekta akasema. “Rula yako haikukosea.”

Wakashuka getini kulikagua daftari la zamu. Jumapili: Fundi, saa tisa hadi kumi na moja, kwa mwandiko mkubwa wa Winchi. Jumamosi, kutwa nzima, mwandiko ulikuwa wa mlinzi mwingine. Winchi alikuwa ameomba ruhusa, na sababu iliandikwa: kumpeleka binti kupimwa miwani. Inspekta aliutazama ukurasa ule muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamtuma Sajenti na askari wawili nyumbani kwa Fundi, akampigia simu ofisa wa mahabusu kituoni, na akarudi juu peke yake.

Fundi alikuwa anasawazisha zege, amepiga magoti juu ya gunia. Inspekta aliketi kwenye mifuko ya saruji, akawaambia vibarua waende kula. Mwiko ulipita, ukarudi, ukapita.

“Fundi, nisaidie hesabu,” alianza. “Mifuko hii ilipanda baada ya mvua. Chini yake kuna tope. Winchi Jumamosi hakuwepo kabisa. Jumapili hapa juu ulikuwepo wewe tu, na wewe daktari amekukataza ndoo. Nani aliipandisha?”

Mwiko ukasimama. Fundi akaanza kusema kwamba labda amechanganya siku, kwamba labda vibarua. Inspekta akamwambia kwa upole kwamba vibarua ameshawauliza, na wote wawili walikuta mifuko pale leo asubuhi. Si kweli, alikuwa hajawauliza. Lakini alikuwa ameutazama uso wa Fundi, na uso ukakubali kabla ya mdomo.

“Uliniambia mwenyewe,” akaendelea. “Kinachoshuka ndicho kinachoinua. Boriti ulishaisimamisha kule nyuma. Uliifunga mifuko kwenye kamba ikiwa ndani ya pikapu, ukazunguka getini, ukaandikishwa na rafiki yako, ukapanda. Ukaisukuma sefu. Ikashuka ndani ya pikapu, mifuko ikaja kwako. Tatizo ni kwamba mifuko haikuwa na pa kurudi.”

Fundi alijaribu kusimama, mgongo ukamkatalia, akabaki kwa goti moja. Mgongo ule haukuwa uongo. Alipozungumza, alizungumza na zege. Kijana wake alikuwa amefeli mara mbili. Hii ni ya tatu, na ya mwisho kuruhusiwa. Anakaa chumbani hali, hasemi. Alitaka ayaone maswali tu, basi, mtoto aende na moyo. Kijana hajui lolote, alisema, wallahi hajui, na sefu yenyewe ilimshinda kuifungua. Amevunja patasi mbili.

“Na mtoto wa mwenzako je? Yupo chini kwenye benchi tangu asubuhi.”

“Nilidhani watamwachia,” Fundi akasema. “Kila mtu anampenda Winchi.”

Simu ya Inspekta ikalia. Sajenti alikuwa anahema: sefu iko uani, chini ya turubai, imekwaruzwa na haijafunguka, mlango wake ni mzima. Mtihani utakuwepo. Halafu akataka kujua nani atakayeipandisha kwenye gari, kwa sababu yeye hapana.

Saa nane kasoro dakika kumi walikuwa wote ofisini kwa Mkuu. Winchi aliletwa na gari la kituo, akaingia kwa kuinama mlangoni kama kawaida yake, binti amemng'ang'ania mkono na miwani imeenda upande. Fundi alikaa pembeni na pingu, ameegemea ukuta. Winchi alishaambiwa yote njiani. Alimtazama rafiki yake, kisha akalitazama dirisha, na taya lake likawa linatafuna hewa. Inspekta alijiandaa; mtu wa kilo mia na kumi akiamua, askari wawili hawatoshi. Lakini Winchi hakuinua mkono.

Mkuu aliichana barua, akaomba radhi kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Jina la binti likarudi mahali pake. Tarishi alikuwa tayari mlangoni na mkoba wake. Kisha Mkuu akaivuta orodha, akashuka kwa kalamu mpaka jina la kijana wa Fundi, mstari wa kumi na moja chini ya ule wa kwanza, na akaanza kuandika barua nyingine. Hakuwa na chuki. Kanuni ni kanuni. Fundi aliiona kalamu, akatoa sauti ndogo, akaficha uso kwenye zile pingu.

Inspekta naye aliiona. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Sheria ya mitihani si ya kwake. Alikuwa amemwinua mtoto mmoja mchana huu, na sasa aliona kwa macho yake nani anashuka.

Winchi aliuachia mkono wa binti yake. Akasogea mezani, akaweka kiganja chake juu ya orodha, kiganja kipana kilichofunika majina yote, na kalamu ikakosa pa kupita.

“Mtoto hakushika kamba, Mkuu,” alisema.

Mkuu alimtazama, akaitazama saa. Tarishi alikohoa. Winchi hakuondoa mkono mpaka kalamu ilipowekwa chini.